Rosela ni kali, mbona inachacha?

“Shikamoo mtaalamu. Naishi Buswelu, Mwanza. Nilianza kwa kupenda tu maua na majani yenye harufu, sasa natengeneza juisi ya rosela yenye mchaichai na nanasi, nauza kwenye chupa za maji za nusu lita nilizokusanya. Nachemsha rosela kwenye sufuria kubwa ya alumini, inalala usiku kucha, asubuhi nachuja, naweka nanasi lililosagwa na sukari, napanga chupa kwenye meza ya duka la rafiki yangu. Siku ya kwanza ni nyekundu inayovutia. Siku ya tatu imefifia, inaelekea kahawia, na chupa zinavimba. Mbili zimepasuka. Wengine wanasema rosela ni kali haiwezi kuchacha, kwa hiyo kosa ni la maji ya ziwa. Wengine wanasema niweke dawa. Je, naruhusiwa kuandika kwenye lebo kwamba inaongeza damu? Na kuna mama anataka keki ya sendofu ya binti yake ipambwe kwa maua mabichi. Kwa jirani kuna kichaka cha maua ya rangi ya waridi, majani yake marefu membamba kama ya mwanzi. Yanafaa? Mwisho, kadi zangu za maua makavu zinaota ukungu.”

Marahaba dada. Maswali yako ni mengi lakini mawili yana haraka, nianze nayo.

La kwanza, chupa zilizobaki pale dukani ziondoe leo. Zifungulie nje, moja moja, ukilegeza kifuniko kidogo kidogo, uso wako ukiwa mbali. Zikishatoa hewa mwaga, usizichemshe upya ukauze. La pili, usichume ua hata moja kwenye kichaka cha jirani mpaka umalize kusoma. Nitalirudia mbele.

Sasa tuje kwenye juisi. Wanaokuambia rosela ni kali wana ukweli nusu. Rosela ni kati ya vinywaji vyenye asidi nyingi sana jikoni kwetu. Iliyokolea hukaribia ndimu. Asidi hiyo inawazuia bakteria wengi wabaya, wakiwemo wale wanaotoa sumu kwenye vyakula vilivyofungwa bila hewa, ambao hawawezi kukua kwenye kitu kikali kiasi hicho. Hamira haina habari na asidi. Nasema hamira nikimaanisha vijidudu vya porini, ndugu wa ile unayoweka kwenye maandazi, ambavyo vinaishi kwenye maganda ya matunda, kwenye vumbi na kwenye mikono yetu. Ndivyo vinavyogeuza juisi ya ndizi kuwa rubisi kule Bukoba. Vikipata sukari na joto la Mwanza, vinakula, vinatoa hewa na kilevi kidogo. Hewa ndiyo inayovimbisha chupa. Kilevi ndicho kinachofanya juisi ya siku ya tatu iwe na ule ukali wa puani. Fikiria mtoto aliyeinywa, au mteja ambaye kwa imani yake hagusi pombe kabisa.

Hamira imeingilia wapi, wakati rosela ilichemka? Soma tena maelezo yako mwenyewe. Ulichemsha, ukaacha usiku kucha ipoe, kisha ukatia nanasi bichi lililosagwa. Ganda la nanasi lina hamira nyingi kiasi kwamba watu wengine huliloweka kwenye maji ya sukari makusudi ili lichache. Wewe umeipeleka hamira hiyo kwenye sufuria ya maji matamu yenye uvuguvugu, halafu ukafunga kwenye chupa za kuokota ambazo haziwezi kuoshwa vizuri shingoni wala kuvumilia maji ya moto. Hapo hata ungetumia maji ya Ulaya yangechacha.

Maji ya ziwa yanasingiziwa. Hapa tuko kama mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, siyo 100, lakini nyuzi 96 zinatosha na kubaki kwa hamira, ambayo hufa mapema zaidi. Maji yakishachemka vizuri hayana kesi. Kesi iko kwenye maji ya kusuuzia chupa na kwenye barafu, maana hayo watu hawayachemshi.

Rangi nayo ina mambo yake, na hapa nitakuomba ufanye jaribio la dakika 5. Chukua rosela uliyochemsha bila sukari, mimina kwenye glasi 3. Ya kwanza iache. Ya pili kamulia ndimu. Ya tatu tia chembe ya magadi, yale ya kupikia mlenda, kiasi cha kushika kwa ncha ya kisu. Ya ndimu itawaka kama taa. Ya magadi itapita kwenye zambarau mbele ya macho yako na kuishia kwenye buluu chafu ya kijivu. Rangi ya rosela ni kipimo cha asidi, ina familia yake inayoitwa anthosayanini, ileile iliyo kwenye kabichi jekundu na zambarau za porini. Penye asidi ni nyekundu, asidi ikipungua inapauka, asidi ikiisha inageuka buluu. Ndiyo maana maji ya baadhi ya visima vyenye magadi huharibu rosela, wakati maji laini ya ziwa hayaisumbui.

Lakini juisi yako haijapoteza asidi. Imefifia kwa sababu nyingine 4 zinazofanya kazi pamoja: joto la kuchemsha muda mrefu, mwanga wa jua pale mezani dukani, hewa iliyobaki juu ya chupa, na vitamini C ya nanasi. Hii ya mwisho huwashangaza watu. Asidi ya ndimu au nanasi inang’arisha rosela leo, ila vitamini C iliyomo humo inaisaidia rangi kuvunjika siku zinavyokwenda. Kwa juisi ya kunywa jioni hiihii hakuna shida. Kwa juisi ya kukaa wiki, ni shida.

Na sufuria. Siku nyingine ukimwaga rosela iliyolala, angalia ndani ya sufuria ya alumini: pale juisi ilipofikia pametakata, panang’aa kama pamesuguliwa kwa mchanga, na juu yake kuna mstari wa weusi wa zamani. Ule weusi haujapotea, na kidogo cha alumini chini yake kimeondoka pia. Vyote viko kwenye juisi. Mlo mmoja haukudhuru, lakini hupaswi kumuuzia mtu madini ya sufuria kila siku, na rangi nayo huharibika ikikutana na metali. Nunua sufuria moja ya stenlesi, hata iliyotumika, au chemsha maji kwenye alumini kisha yamimine juu ya rosela ndani ya ndoo ya plastiki ngumu ya chakula au chungu cha kauri. Rosela haihitaji kupikwa, inahitaji kulowekwa kwenye maji yaliyotoka kuchemka.

Kipimo changu ni gramu 100 za rosela kavu kwa lita 3 za maji. Isuuze upesi kwenye maji baridi safi kutoa mchanga (hasa ile inayouzwa ikiwa imetandazwa sokoni), mimina maji ya moto, funika, subiri dakika 20, chuja. Ukitaka nanasi, chemsha maganda yaliyooshwa ndani ya maji hayo kwa dakika 20 kwanza, uyachuje, kisha maji hayo ndiyo yaloweke rosela. Harufu ya nanasi utaipata, hamira umeiua. Mimi binafsi nanasi kwenye rosela naona linamziba mwenyeji, lakini wateja ni wako.

Mchaichai ni kinyume. Nadhani wewe unauchemsha pamoja na rosela tangu mwanzo, jiko la mkaa linavuma, nyumba nzima inanukia. Hiyo harufu iliyojaa nyumba ndiyo iliyokimbia kwenye chupa. Mafuta yake mepesi yanaondoka na mvuke. Twanga ile sehemu nyeupe ya chini mpaka ipasuke, itie wakati sufuria imeshashuka jikoni, funika kwa dakika 10, chuja kwa kitambaa kwa sababu nyuzi zake zinachoma koo. Utatumia nusu ya mchaichai unaotumia sasa. Fanya hivyohivyo kwa mrehani. Kivumbasi ni kali zaidi na wengi wanakijua kwa kufukuza mbu. Kikombe kimoja chenye majani 2 kinatosha, ukizidisha kinaleta ladha ya dawa.

Basi uuze vipi? Njia zipo, na hazilingani.

Rahisi ni kutengeneza asubuhi, kupoza haraka kwa kuzamisha sufuria kwenye beseni la maji baridi, kuuza siku hiyo kwenye deli lenye barafu, na kinachobaki kunywa nyumbani. Ikiwa ndani ya friji wakati wote, siku 3. Hii haina siri wala faida kubwa, lakini hulali ukiwaza chupa.

Ukitaka chupa ikae dukani bila friji, lazima ujaze ya moto. Juisi ipande nyuzi 85 au zaidi, na upime kwa kipimajoto, usikisie kwa jicho. Ijazwe kwenye chupa ya kioo iliyopashwa moto, ifungwe kifuniko kipya, ilazwe ubavu dakika 3 ili juisi ya moto iguse kifuniko kwa ndani, kisha ipozwe taratibu. Chupa zako za maji haziwezi. Zikipokea juisi ya namna hiyo zinajikunja kama karatasi, na mimi nimeziona zikijikunja: mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilijaza chupa 40 za harusi usiku wa manane, asubuhi nikakuta kama zimekanyagwa na ng’ombe. Kioo nacho kina hatari yake. Kama hukupasha vizuri na hamira ikabaki, kioo hakivimbi kukuonya, kinapasuka vipande.

Dawa uliyoambiwa nadhani ni sodiamu benzoeti. Ni kihifadhi halali na hufanya kazi vizuri kwenye kinywaji kikali kama rosela. Lakini kinazuia hamira chache zisiongezeke, hakifufui juisi iliyokwisha kuchacha. Kiwango chake kwa lita ni chembe za gramu, kinahitaji mizani ya dijitali, na kwenye kinywaji chenye vitamini C nyingi kinaweza kutengeneza kiasi kidogo cha benzini, kemikali ya sumu isiyotakiwa kwenye kinywaji, hasa chupa ikikaa juani. Anayekuuzia kwa kijiko na kukuambia “weka kiasi” anakutafutia kesi. Kwa sasa achana nacho.

Ningekuwa wewe ningeuza vitu viwili vingine. Kimoja ni sharubati nzito: loweka rosela gramu 300 kwa lita moja na nusu, chuja, kila lita moja ya maji hayo itie sukari kilo 1.9, ichemke, jaza ya moto kwenye chupa ndogo za kioo. Sukari ikifika karibu asilimia 65 hamira nyingi hukosa maji ya kutumia, kama inavyokuwa kwenye asali. Mteja anachanganya kijiko 3 na glasi ya maji baridi. Kingine, na hiki ndicho ninachokipenda, ni pakiti kavu: rosela, mchaichai uliokatwa na kukaushwa kivulini, ganda la chungwa kavu, tangawizi kavu. Pakiti haivimbi, haihitaji friji, inapanda basi mpaka Shinyanga au meli ya kwenda Ukerewe bila kumwagika. Adui wake ni unyevu, kwa hiyo kausha mpaka mchaichai ukikunjwa uvunjike kwa mlio, na ufunge pakiti siku hiyohiyo.

Machicha ya rosela usiyatupe. Yana pektini, ile gundi ya matunda, kwa hiyo ukiyasaga na kuyapika na sukari uzito sawa unapata jamu inayoshika yenyewe. Ukiyakaanga na kitunguu, pilipili na chumvi, unapata kachumbari ya moto ya kulia sangara au dagaa wa kukaanga. Nimewahi kuiweka mezani bila kusema ni nini na wageni wakadhani ni ukwaju.

Kuhusu lebo ya “inaongeza damu”: hapana. Najua inasemwa kila kona ya mji, na wajawazito wananunua kwa sababu hiyo. Wekundu wa rosela ni ile anthosayanini tuliyoiona ikigeuka buluu kwenye glasi. Hauhusiani na wekundu wa damu, ambao unatokana na madini ya chuma. Chuma kinachofika kwenye glasi ya juisi ni kidogo, na viambata vingine vya mimea hiyohiyo, kama ilivyo kwenye chai ya rangi, huweza kuzuia mwili usikinyonye vizuri. Mama mwenye upungufu wa damu anayetegemea chupa yako badala ya vidonge vya kliniki anaweza kufika chumba cha kujifungulia akiwa hana akiba, na wewe utakuwa umemwandikia hivyo kwa mkono wako. Kuna jambo lingine rosela inalolifanya kweli: tafiti zimeonyesha inashusha shinikizo la damu kwa kiasi. Hiyo siyo sababu ya kuiandika kuwa dawa, ni sababu ya kumwambia mteja anayemeza vidonge vya presha, au mjamzito, amuulize daktari kabla ya kuinywa kila siku kwa wingi. Andika viambato, tarehe ya kutengeneza, mwisho wa matumizi, namna ya kutunza. Inatosha.

Sasa kichaka cha jirani. Sijakiona, lakini majani marefu membamba magumu, maua ya waridi kwa mafungu nchani mwa tawi, kichaka cha kupandwa uani: hiyo inafanana sana na oleanda. Oleanda ni sumu yote, ua, jani, kijiti, hata moshi wa kuni zake. Ina kemikali inayovuruga mapigo ya moyo, na kukausha au kuchemsha hakuiondoi. Ua likichomekwa kwenye krimu, utomvu wa kikonyo unaingia kwenye keki. Mtu asione kwamba nazidisha. Hii ndiyo sehemu ya barua yako iliyonitisha, kuliko chupa zilizopasuka. Ile oleanda nyingine ya maua ya njano yenye umbo la kengele ni ya ukoo huohuo, na tarumbeta la malaika, ua jeupe kubwa linaloning’inia na kunukia usiku, lina sumu ya kuvuruga akili. Akitokea mtu amekula chochote katika hivyo, asitapishwe wala asipewe maziwa nyumbani. Apelekwe hospitali papo hapo, na tawi la mmea lichukuliwe ili daktari aone.

Kwa keki ya sendofu tumia unayoyajua kwa jina na aliyeyapanda: waridi la uani lisilopuliziwa dawa, petali za hibiskasi, asumini, vishada vya maua ya mrehani. Waridi la duka la maua ni la chombo cha maua, limekuzwa kwa dawa za wadudu zisizokusudiwa tumbo la mtu. Hibiskasi husinyaa siku ileile, ichomeke kwenye keki saa moja kabla ya kuikata. Vikonyo vyote vifunge kwa karatasi ya nta au viingize kwenye mirija mifupi, visiguse keki. Mama wa binti akishikilia maua ya kichaka kile kwa sababu yanafanana na kitambaa cha kamati, mwambie utamtengenezea ya sukari rangi hiyohiyo.

Kadi ni suala dogo. Ukungu unaota kwa sababu ua halikukauka moyoni, au gundi ya maji imelirudishia unyevu. Acha maua manene. Tumia petali mojamoja, majani ya mchaichai, maua ya nyasi, na bogenvilia, ambayo ni karatasi tangu ikiwa mtini. Yabane katikati ya magazeti chini ya vitabu vizito, magazeti ubadilishe kila siku kwa siku 3 za mwanzo, kisha uache wiki 2. Likiguswa shavuni likaonekana baridi, bado lina maji. Rangi nyekundu na buluu zitafifia hata ufanyeje, njano hudumu zaidi. Na kama unataka karatasi ya kadi yenye hadithi ya hapa, vikonyo vya gugu maji vilivyokaushwa juani vinasagwa kuwa karatasi nzito nzuri. Vikiwa vibichi ni maji matupu, kwa hiyo beba mzigo mkubwa kuliko unavyodhani.

Kwa pakiti na sharubati, nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, pale Nyakato ukaulize mafunzo ya usindikaji na barua ya utambulisho, kisha TBS, shirika la viwango, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula badala ya iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA. Beba sampuli, wakupimie asidi. Hicho ni kitu ambacho mimi siwezi kukufanyia kwa maandishi. Kapime na afya yako ya kuhudumia chakula.

Ukishapika sharubati ya kwanza, usiuze yote. Chupa 2 ziweke juu ya kabati, mahali pa joto, uziandike tarehe. Siku ya 14 zifungue nje kama nilivyosema mwanzo, usikilize. Zikinyamaza kimya, niandikie tupange bei.